Saizi ya Wan-ju

Wengine hugombana na majirani, wengine na serikali. Pao-chu wa soko la asubuhi la Hemei, mji mdogo wa kisiwani, aligombana na saizi. Na haki yake alikuwa nayo, mtu asikudanganye. Hebu fikiri: mwanamke mtu mzima, mama wa watoto wawili, muuza wali wa mchuzi wa nguruwe tangu mama mkwe alipomwachia sufuria. Fungua kabati lake uone. Suruali moja lebo yake yasema L, ya pili XL, ya tatu XL tano, maana XL nazo huhesabiwa kwa ukubwa, na zote zinamkaa vilevile. Halafu kuna mbili zenye lebo moja, za duka moja, hata rangi moja: hii haipiti magotini, na hii ikivaliwa inateremka yenyewe mpaka sakafuni. Sasa hapo mwongo ni nani, mwanamke au lebo?

"Lebo!" Pao-chu alikuwa akisema, na upawa anaugonga ukingoni mwa sufuria ili wateja wote wasikie. "Mwili hauna kosa, mwenzangu. Nguo ndiyo yenye kosa."

Kauli hiyo haikuzaliwa kibandani. Ilizaliwa mjini Taichung, kwenye duka moja la nguo lenye taa nyingi, siku alipokwenda na wifi yake kutafuta nguo za kwendea harusi. Wifi mwenyewe ni Wan-ju, dada mdogo wa mumewe. Wan-ju aliolewa akaachika, mtoto hakupata, akarudi kwa kaka yake akapewa chumba cha ghorofa ya juu. Alfajiri alishuka kumsaidia Pao-chu kukata vitunguu na kuosha bakuli. Wote wawili walikuwa wanene. Tofauti yao ni kwamba Pao-chu aliubeba unene wake kifua mbele, na Wan-ju aliuficha: nguo nyeusi, pana, mikono mirefu hata kwenye joto la mwezi wa saba. Siku ile binti wa duka aliwapandisha akawashusha kwa macho, henga hata moja hakuigusa.

"Shangazi zangu, saizi zenu hapa hatuna."

Basi Wan-ju, badala ya kununa, akainamisha kichwa. "Samahani, binti. Samahani kwa usumbufu."

"Wee! Unaomba samahani ya nini?" Pao-chu akamvuta mkono. "Umevunja kitu? Umeiba? Binti, mwambie tajiri wako nguo zake zina kosa. Sisi tumekamilika tangu tumboni mwa mama zetu."

Kwenye treni ya kurudi Wan-ju alicheka mpaka akatoa machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Pao-chu aliona, akageukia dirisha akajifanya hakuona. Hapo ndipo alipojiapia moyoni: huyu wifi yangu, siku moja, lazima avae nguo inayomtosha, tena ya rangi, tena mbele za watu.

Habari za baiskeli alizileta Wan-ju mwenyewe, ndiyo ajabu yake. Pale husemwa kwamba ukizaliwa kisiwani sharti ukizunguke mara moja kabla hujafa, na kila mwaka utawaona barabarani, vijana kwa wazee, vifurushi vimefungwa nyuma ya baiskeli. Wan-ju alikuwa akiwatazama wakipita mbele ya kibanda, bakuli mkononi, povu linamdondoka mpaka viwikoni. Asubuhi moja akasema polepole, "Bahari ya upande wa mashariki sijawahi kuiona, wifi. Wanasema rangi yake si kama ya huku kwetu."

"Kinachokuzuia nini? Miguu huna?"

"Na umbo hili? Nipande baiskeli watu waangue kicheko?"

Ching-shan, mume wa Pao-chu, alikuwa kwenye meza ya pembeni anakula. Ni mtu wa maneno machache, lakini hilo hakuliacha lipite. "Itakayolia ni baiskeli," akasema. Akala upawa wa bega mbele ya wateja, na Wan-ju akacheka kuliko wote.

Haukupita muda, wakawa kundi. Pao-chu, Wan-ju, muuza tofu ya soya, muuza maua, na mabibi wawili wa meza za samaki. Wakajiita Upawa. Soko likifungwa mchana, wanalala kidogo, jioni wanapanda baiskeli kuelekea mlima Bagua, wanafika chini yake, wanautazama, wanarudi. Baadaye wakaanza kuupanda. Wan-ju alikuwa anapanda na fulana kuukuu ya kaka yake, suruali kaifunga na mpira kifundoni isishikwe na mnyororo. Wakakubaliana mwezi wa kumi na moja, joto likishapoa, wazunguke kisiwa kizima. Wan-ju akaweka sharti.

"Nitakwenda. Ila sizunguki kisiwa na fulana ya kaka. Nipatieni jezi inayonitosha, jezi ya kike, kama wanawake wengine. Isipopatikana, nitabaki kuosha bakuli mpaka mrudi."

Alisema anacheka. Pao-chu alimjua vizuri, hakukuwa na mzaha pale. Bila jezi, Wan-ju hatoki, na bahari ya mashariki ataisikia kwa watu mpaka siku ya kufa kwake.

Basi vita vikaanza upya. Wakaagiza kwa simu, jezi na kaptula zake, vifurushi vikawa vinafikia duka la kona, mpaka kijana wa kaunta akiwaona tu anainama chini ya meza bila kuuliza jina. Kaptula ya kwanza ilitoka kwa Wazungu, imeandikwa M, ikammeza Wan-ju na nafasi ikabaki. Ya pili XL sita, ikakwama magotini. Ya tatu wakagundua ni ya kiume. Unajua kaptula za baiskeli zina sponji ndani ili siti isikuumize. Muuza tofu akaivaa juu ya suruali yake, akatembea nayo sokoni kama jogoo. "Jamani, hii sponji imekaa mahali ambapo sisi hatuna cha kulaza!" Soko zima likavunjika mbavu, na muuza nyama akaomba auziwe yeye.

Mwisho wakakipata kiwanda kidogo cha huko Tainan kinachoshonea makundi. Desturi ya viwanda hivyo, kabla ya kushona wanakutumia boksi la jezi za kupimia, kila saizi moja. Mnajaribu wote, mnawaambia nani anataka ipi, mnarudisha boksi. Boksi lilifika mwezi wa tatu. Wakalifungulia kwenye ua wa hekalu la jirani, wakapokezana kuingia chooni kujaribu. Wan-ju aliingia na XL tatu, akakaa humo mpaka Pao-chu akagonga mlango.

"Umekwama? Nilete sabuni?"

Mlango ukafunguliwa. Jezi ilikuwa ya kijani kibichi, rangi ya mpunga mchanga. Zipu imepanda mpaka shingoni bila kugoma, mikono imeshika bila kukaba. Wan-ju kaweka viganja ubavuni, anajishangaa.

"Wifi," akasema, "kumbe nina kiuno."

"Ulikuwa nacho siku zote. Ulikizika kikiwa hai."

Mabibi wa samaki wakapiga vigelegele, hekaluni hapohapo, mtunza hekalu akachungulia kuuliza kama kuna harusi. Wan-ju alijitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa nje, akageuka, akajitazama mgongo, na ile mifuko mitatu ya nyuma akaipigapiga kwa mkono. Tangu siku hiyo akawa ndiye mbebaji wa kundi. Hata kabla jezi za kweli hazijaja, alishajipangia: mfuko wa kulia ndizi, wa kushoto funguo za watu, wa katikati plamu za chumvi, vitunda vikavu vya kumumunya, za kumpa kila mmoja mlima ukikaza.

Jezi zenyewe zikaja mwishoni mwa mwezi wa tano. Sasa sikia. Za wengine zote zilikaa. Ya Wan-ju ikapwaya.

Pao-chu alishika simu palepale, mkono mmoja bado una mchuzi. "Hivi nyie mnatuona wajinga? Boksi mlileta la kweli, jezi mmeshonea tembo!"

Mama aliyepokea simu kiwandani aliitwa Bi Yeh, na Mungu alimjalia subira. "Mama, kielelezo cha kukatia ni kilekile. Kitambaa kinakatwa na mashine."

"Basi mashine yenu mkaipime macho!"

Jezi ikarudishwa, ikaja XL mbili. Hiyo ilikaa vizuri kwa siku chache, nayo ikaanza kupwaya. Upepo ukipiga, mgongo wa Wan-ju unajaa hewa, wenzake nyuma wanacheka kwamba ana tanga. Pao-chu akasema kitambaa kinalegea. Akakifua kwa maji baridi. Akakikausha kivulini. Akapiga simu tena, na safari hii alimwambia Bi Yeh maneno ambayo hapa siyarudii. Ikaja XL moja.

Jioni moja Wan-ju alisimama mbele ya kioo, kaishika jezi kwa nyuma, kitambaa kimejaa kiganja. "Wifi, au ni mimi niliyepungua?"

"Usianze!" Pao-chu akamkatiza. "Maisha yako yote umejilaumu wewe. Nguo ikibana kosa lako, ikipwaya kosa lako. Sasa basi. Mwili hauna kosa."

Wan-ju akaiachia jezi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Pao-chu alitafuta humohumo nguoni: akageuza mishono, akakagua lebo, akanusa uzi. Aliyezivaa hakumtazama.

Lakini tusimbebeshe peke yake. Soko zima lilikosea, tena kwa furaha. Pale "umekonda" ni salamu, ni zawadi, hakuna mwanamke anayeipokea kwa uso mkavu. "Jamani Wan-ju, umekonda! Umependeza! Unakunywa nini, utuambie na sisi?" Muuza maua alimtazama kiuno akamfungia maua bure. Wanaume waliokuwa wanampa bakuli chafu bila kuinua macho wakaanza kusema asante. Wan-ju alikuwa anaziba mdomo kwa mkono anapocheka, mtu aliyefika utu uzima bila kusifiwa umbo hata siku moja. Na alianza kuacha nguo nyeusi. Kwanza kijivu, kisha bluu.

Mwezi wa nane walikwenda wawili mjini Changhua kununua nyuzi. Karibu na stesheni palikuwa na duka la kawaida tu, la saizi za kawaida, na mlangoni limetundikwa gauni jekundu lenye vifungo vya mbele. Wan-ju akasimama.

"Litazame tu," Pao-chu akasema. Aliogopa. Moyoni alikuwa tayari amekunja ngumi kwa ajili ya binti wa duka.

Wan-ju akaliingiza chumba cha kujaribia. Kimya. Pao-chu akasubiri kusikia ile sauti anayoijua, ya kitambaa kinachovutwa na mtu anayehema. Haikuja. Pazia likafunguka, na gauni lilikuwa limefungwa kifungo cha kwanza mpaka cha mwisho, hakuna kilichovutika, pindo limekaa magotini pale lilipotakiwa kukaa. Binti wa duka akasema, "Shangazi, kama lilishonwa kwa ajili yako." Wan-ju akaanza kulia mlemle dukani, na Pao-chu naye, wawili wamekumbatiana kati ya henga, binti anawatafutia tishu. Walilinunua. Wan-ju alirudi nalo mwilini, safari nzima ya basi kasimama ingawa viti vilikuwepo, asilikunje.

Ningependa kuishia hapo. Mtu mwenye huruma angeishia hapo.

Kulikuwa na mambo mengine. Wali wake wa asubuhi alikuwa anampa mbwa wa muuza tofu, mbwa akanenepa. Mgongo ukawa unamuuma, akasema ni siti ya baiskeli; Pao-chu akaishusha siti, akaipandisha, akanunua nyingine. "Siti ndiyo yenye kosa," akasema. Mlimani Wan-ju aliyekuwa akigawa plamu akawa wa mwisho kufika, anatembea, baiskeli anaisukuma. Wakasema joto.

Mwezi wa tisa XL moja nayo ikapwaya, na Pao-chu akampigia Bi Yeh akiwa amekasirika mpaka sauti imepotea. Bi Yeh hakujitetea. Alisema tu, "Mama, nakuomba. Chukua futi, umpime mwenyewe kwa mikono yako, uniambie. Nitamshonea kwa vipimo vyake, hakuna saizi."

Ikawa ni mchana, kibanda kimefungwa. Wan-ju akavua mpaka sidiria, akainua mikono, akicheka kwamba futi ni ya baridi. Miaka yote ile nyumba moja, Pao-chu alikuwa hajawahi kumwona bila nguo. Wan-ju alijificha hata kwa wanawake wenzake. Akapitisha futi kwa nyuma. Vidole vyake vikagusa uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, wazi, chini ya ngozi iliyolegea. Akaizungusha futi mbele. Mbavu. Akasoma namba, akairudia, akaisoma tena.

"Futi hii nayo mbovu," akasema.

Wan-ju akageuka taratibu. Mwanga wa dirishani ulimpiga usoni, na Pao-chu akayaona macho, ile sehemu nyeupe ya macho, ilikuwa njano.

"Hata futi, wifi?" Wan-ju akasema kwa upole sana.

Kesho yake walikuwa hospitali. Saratani ya kongosho, daktari akasema, na imeshasambaa. Aliongea na Ching-shan kwenye korido, na Ching-shan akarudi chumbani akasimama ukutani. Wan-ju alikuwa kitandani na lile vazi la hospitali la kufunga kamba, lisilo na saizi, linalomkaa kila mtu.

"Ulijua," Pao-chu akasema.

"Nilijua kuna kitu. Tangu mvua za mwezi wa tano, chakula kilikuwa hakipiti."

"Na hukuniambia! Mimi! Tunalala nyumba moja, tunaosha bakuli karai moja!"

Wan-ju akautafuta mkono wake juu ya shuka. "Usinigombeze, wifi. Wewe umeishi na mwili wako mnaelewana. Mimi huu wangu nimeukimbia tangu nikiwa msichana. Kisha mwaka huu nguo zikaanza kunikubali. Watu wakawa wananitazama bila kuguna. Nikasema, nikienda kwa daktari ataninyang'anya. Acha nivae kidogo. Acha nivae mpaka mwezi wa kumi na moja, nizunguke, nikirudi nitakwenda."

Pao-chu, ambaye kila jambo duniani alikuwa na kauli yake, akaubana mkono ule kwa yake miwili. Alikaa tu, machozi yanamshuka mpaka kwenye kola.

"Nilikuwa natazama nguo," akasema mwishoni. "Nilitakiwa kukutazama wewe."

"Ulikuwa unanitetea. Nani mwingine aliwahi kunitetea?"

Hakukuwa na la kufanya ila kumrudisha nyumbani, na walimrudisha. Bi Yeh naye akapiga simu mwenyewe kuuliza vipimo. Pao-chu alikuwa anakoroga uji wa mchele, ule mwepesi ambao Wan-ju alikuwa bado anaumeza vijiko viwili vitatu.

"Nishonee XL tatu," akasema.

"XL tatu? Mama, si ndiyo ile ya kwanza uliyoirudisha? Ulisema ni ya tembo."

"Ilikuwa ya kwake. Ilimtosha sawasawa, nyie hamkukosea kitu." Akaweka kijiko chini. "Nilikutukana bure, mama. Naomba unisamehe. Kosa halikuwa la nguo."

Upande wa pili mashine zikasikika zinashona. "Nitaikata leo," Bi Yeh akasema.

Ilifika upesi. Pao-chu akamtandazia Wan-ju juu ya blanketi, kijani cha mpunga mchanga, jina lake limefumwa kifuani. Wan-ju akaipapasa, akaigeuza, akaingiza mkono kwenye mfuko wa katikati.

"Kubwa hii, wifi."

"Si kubwa. Ni yako."

"Mpaka mwezi wa kumi na moja nitakuwa nimeijaza?"

"Utaijaza. Utalia inakubana."

Wote wawili walijua, na wakakubaliana hivyohivyo. Muuza tofu alikuja na simu yake, akamwonyesha picha za bahari ya mashariki, moja baada ya nyingine. Wan-ju alizitazama muda mrefu. "Kweli," akasema, "rangi yake si kama ya huku." Alifariki mwezi wa kumi, alfajiri, saa ya kukata vitunguu, Pao-chu akiwa amemshika mguu kwa sababu mguu ulikuwa wa baridi.

Mvishaji maiti alikuwa mama mwenye adabu, amezoea mengi, lakini jezi ya baiskeli hakuwahi kuvisha. Akaigeuza akaona mifuko, akatikisa kichwa. Nguo ya marehemu haiwi na mfuko, kila mtu anajua. Ataondoka na bahati ya nyumba humo.

"Izibwe," Ching-shan akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Nitaiziba mimi," Pao-chu akajibu. Akachukua sindano, akashona wa kulia, akashona wa kushoto. Wa katikati akautia plamu za chumvi konzi nzima, ndipo akaushona. Mvishaji aliona. Akageuka, akajifanya anatafuta kitana.

Kisha wakamvalisha. Jezi ilimmeza. Mabega yakawa yanateleza, kifuani kitambaa kimejikunja. Mvishaji akatoa pini zake. "Tunaikusanya kwa nyuma, mama. Huwa tunafanya hivyo, mbele itakaa vizuri, watu hawataona."

"Usiweke pini."

"Itapwaya, mama. Watu watakuja kumtazama."

"Iache ipwaye."

Akazirudisha pini mkononi mwa mvishaji. Siku ya mazishi wanawake wa Upawa walikuja wote na jezi zao za kijani, wakapanda baiskeli nyuma ya gari la maiti mpaka penye tanuri la kuchomea maiti. Watu wa barabarani walisimama kuwapisha. Muuza maua alikuwa anaendesha analia, pua inamtiririka, hana mkono wa kujifuta.

Baada ya hapo ikabaki kuchoma vitu vyake. Kinachochomwa ndicho kinachomfikia marehemu huko aliko, ndivyo wanavyofanya, usimwache mtu wako huko hana cha kuvaa. Ching-shan alishusha nguo kutoka ghorofa ya juu, amezibeba kwa mikono miwili, akazitia motoni moja moja: zile nyeusi, ile ya bluu, fulana yake mwenyewe kuukuu. Mwishoni akashika gauni jekundu. Alilikung'uta vumbi, akalinyoosha kola. Pao-chu akalichukua kutoka mkononi mwake.

"Hili alilipenda kuliko yote," Ching-shan akasema.

"Najua."

"Sasa mbona unamnyima? Huyu ni dada yangu, Pao-chu. Mpe gauni lake."

Pao-chu akalikunja gauni kwa vifungo vyake, akalibana kifuani. Moto ulikuwa unamchoma uso na hakusogea.

"Halitamtosha," akasema. "Huko sasa anakula."